Kiporo cha Kima si Aibu ya Nyumba

Ukurasa wa Nyumba na Jiko



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwezi huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kima inayobaki chunguni. Nasema kima kwa maana ya nyama iliyosagwa ikaungwa kwa viungo, wala simtaji yule kima wa msituni, ambaye wengi wa maulamaa wamekataza kuliwa. Kima hii twaijua sote. Ndiyo tunayoitia katika sambusa mwezi wa Ramadhani, ndiyo tunayowapikia wageni wa ghafla, na ndiyo tunayoifanya kwa vipande vidogo vya nyama ya Idi visivyofaa kuchomwa wala kutiwa katika pilau. Aghalabu hupikwa nyingi kuliko inayoliwa, maana hapana mwanamke apendaye sambusa zake ziwe tupu ndani. Basi watu wakisha kula, hubaki vikombe viwili au vitatu.

Mama mmoja wa hapa Ujiji aliniuliza baada ya darsa la wanawake: "Mwalimu, mume wangu hali kiporo. Akijua chakula ni cha jana huisukuma sahani. Kwa hivi nyama inayobaki huimwaga usiku watoto wakisha lala, ili asiione asubuhi. Je, nina dhambi? Na kama nitaigeuza iwe chakula kingine, akiniuliza, nimwambie nimeipika leo?"

Swali hili ni fupi, lakini limebeba mambo mazito. Ndani yake mna haki ya neema, na haki ya mume, na haki ya ukweli. Tena iko haki ya nne ambayo yule mama hakuitaja, nayo ni haki ya jirani. Nitajibu kwa kadiri ya elimu niliyojaliwa, kisha tutaingia jikoni, kwa sababu hukumu bila ya njia ya kuitekeleza humwacha mtu palepale alipokuwa.

NEEMA NA ISRAFU

Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa, akatukataza kupita kiasi. Hayo yamo katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 27, wafujaji wa mali wamehesabiwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Muslim, aliamrisha tonge lililoanguka liokotwe, lipanguswe uchafu, liliwe, lisiachiwe shetani. Ikiwa tonge moja lililokwisha gusa chini lina haki hiyo, itakuwaje nyama safi iliyofunikwa vizuri, ambayo haikuguswa na mkono wa mtu?

Basi kumwaga chakula kizuri kwa sababu tu kimelala usiku mmoja ni israfu, na yatupasa kuacha. Ama chakula kilichoharibika, kukimwaga si israfu, bali ni wajibu, kwa kuwa hatukuruhusiwa kujidhuru wala kuwadhuru watoto wetu. Lawama hapo iko katika uzembe uliokifanya kiharibike.

Tena fikirini kima iliyobaki ina nini ndani yake. Nyama imekwisha lipiwa. Vitunguu vimekwisha katwa na kukaangwa, thomu na tangawizi vimekwisha twangwa, bizari, pilipili manga na ndimu vimekwisha ingia. Mkaa umekwisha teketea. Kazi iliyobaki ili iwe chakula cha jioni ni robo ya ile ya kwanza. Mama atokaye sokoni Mwanga, au mwaloni Kibirizi alikokuwa akiuza dagaa tangu alfajiri, akafika nyumbani jua linakuchwa, hakuna msaada mkubwa kwake kama huo. Kati ya Magharibi na Isha aweza kuwapa watu wake chakula cha moto bila ya kuanza na kitunguu cha kwanza.

NYAMA YA UDHIYA NA SIKU TATU

Liko funzo katika Hadithi linalofaa sana katika mlango huu, nalo wamelipokea Bukhari na Muslim. Mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kubaki na nyama ya udhiya majumbani mwao zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata Masahaba walimwuliza kama wafanye vile vile. Akawaruhusu wale, walishe wengine, na waweke akiba, akawaeleza kwamba katazo la mwaka uliopita lilikuwa kwa sababu ya shida iliyowapata watu, naye alitaka wasaidiwe. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba mwaka ule walikuja mjini watu maskini wa majangwani.

Tazameni hekima iliyomo. Kuhifadhi nyama kumeruhusiwa, wala si ubahili. Kwa hiyo anayesema kwamba chakula cha jana hakimfai mtu mwenye heshima, amesema jambo ambalo dini haikulisema. Lakini ruhusa hiyo ilifungwa wakati jirani alipokuwa na njaa. Kila mwenye sufuria iliyobaki nyama yampasa kwanza atazame nje ya mlango wake.

Sisi watu wa ziwa tumeliona jambo hili kwa macho yetu. Kitoweo chetu cha kila siku ni dagaa na migebuka. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Hiyo ni kwa mapatano ya nchi nne zilizozunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Idi ya kuchinja mwaka huo iliangukia katikati ya Juni, ndani ya muda huo huo. Basi zilikuwako nyumba zenye nyama ya udhiya ya kujaza beseni, na mlango wa pili nyumba ya mvuvi ambaye nyavu zake zimetundikwa. Katika wakati kama huo, kumwaga kikombe kimoja cha kima usiku ni jambo zito. Wala mtu asingoje ziwa lifungwe tena ndipo akumbuke, kwa kuwa kila mtaa una mjane, na kila mtaa una mgonjwa asiyeweza kwenda kazini.

NAMNA YA KUIHIFADHI

Sasa tuingie jikoni. Kabla ya mapishi hapana budi tujue kuhifadhi, kwa sababu nyama iliyosagwa huharibika upesi kuliko nyama ya kipande. Sababu yake ni hii: vijidudu hukaa juu ya nyama, na mashine ya kusagia huvichanganya mpaka ndani. Kwa hivi kima yataka mambo matatu.

La kwanza ni kutenga. Kabla ya kupakua, chota kwa kijiko safi na kikavu kile unachoona hakitaliwa, ukiweke mbali. Tofautisheni kiporo na makombo. Kiporo ni kile kilichobaki chunguni kisiguswe, na makombo ni yale yaliyobaki katika sahani za watu. Mabaki ya Mwislamu si najisi, na waliokaa sinia moja waweza kuyamaliza pale pale. Lakini chakula kilichokwisha ingiwa na mikono na vijiko vya watu hakifai kuwekwa mpaka kesho. Kuku wana haki yao. Na watoto wafundishwe adabu aliyoifundisha Mtume (s.a.w.), ya kula kwa mkono wa kulia na kila mtu kula kilicho mbele yake, maana ukiiacha adabu hiyo sinia nzima huvurugwa.

La pili ni kupoza upesi na kufunika. Usiache sufuria juu ya jiko lenye majivu ya moto tangu Adhuhuri mpaka Magharibi, kwa kuwa vuguvugu ndilo hali inayopendwa na vijidudu. Ieneze kima katika bakuli pana, likalishe bakuli katika beseni la maji baridi, na likisha poa lifunike kwa sahani na kawa. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tufunike vyombo vyetu usiku, nasi tukifuata twapata thawabu na tumbo salama. Mwenye friji aitie humo kabla ya saa mbili kupita tangu ilipotoka motoni, naye aweza kukaa nayo siku tatu. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwefunguliwe, maana ikifungwa baridi yake hukaa kama saa nne tu. Asiye na friji asijidanganye: kima ya mchana iliwe usiku ule ule, na kima ya usiku ichemshwe kabla ya kulala, ifunikwe, iliwe asubuhi. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu kwa mchuzi, lakini wao hawakuipasha nyama siku baada ya siku, nasi tusifanye hivyo.

Yafaa pia kujua kwamba kima kavu, ile ya sambusa isiyo na nyanya, viazi wala tui, ndiyo inayofaa zaidi kuwekwa. Tui huchacha haraka. Kwa hivi mpishi mwenye akili huigawa kima ingali kavu, akaunga nyanya na tui katika fungu litakaloliwa siku ile tu.

La tatu ni kupasha. Twaa kiasi kitakacholiwa tu, tia maji vijiko viwili au vitatu, funika, ukoroge mpaka ifuke moshi na kutokota pande zote. Vuguvugu halitoshi. Lakini nawaonya jambo moja: moto hauondoi kila sumu. Viko vijidudu ambavyo chakula kikikaa ovyo huacha sumu yao ndani, na hata ukikichemsha saa nzima sumu ile haitoki. Na wali ni hivyo hivyo, ukiachwa mezani mchana kutwa hautengenezwi kwa kukaangwa. Wala pua si hakimu wa kutosha, kwa sababu chakula chaweza kudhuru kabla hakijanuka. Ikiwa hujui kimekaa muda gani, au kimekuwa na utelezi, povu au uchachu, kiache. Tumefundishwa kuliacha lenye kututia shaka tukashika lisilo na shaka. Na katika kuwalisha watoto wadogo, wazee na wenye mimba, tahadhari iongezwe maradufu.

CHAKULA CHA USIKU CHA AINA TANO

Hesabu yangu ni ya vikombe viwili vya kima kavu iliyokwisha pikwa, kwa watu sita. Mwenye watu zaidi aongeze mboga kabla ya kuongeza nyama.

Wali wa kima. Osha vikombe vitatu vya mchele. Ule wa bonde la Luiche hufaa sana. Katika sufuria kaanga kitunguu kimoja mpaka kiwe rangi ya kahawia, tia karoti mbili zilizokatwa ndogo ndogo, kisha kima. Koroga mpaka ifuke moshi. Tia mchele, ugeuze mara mbili tatu upate mafuta, halafu tia maji yanayochemka vikombe vinne na nusu, na chumvi kidogo, ukikumbuka kwamba kima ina chumvi yake. Maji yakikauka, punguza moto, funika, uweke makaa machache juu ya kifuniko. Kachumbari ya nyanya na ndimu yatosha kuwa mwenzake. Hiki ni chakula cha karibu nusu saa, na mgeni akikikuta haoni upungufu.

Katlesi. Menya kilo moja ya viazi mviringo, uvichemshe, uvimwage maji, uviponde vingali moto pamoja na chumvi na ndimu. Vikipoa kidogo, twaa donge moja katika kiganja, litie shimo, jaza kijiko cha kima iliyokwisha pashwa vizuri, funika kwa viazi, ubonyeze liwe bapa. Piga mayai mawili, chovya kila donge, ukaange katika mafuta ya moto mpaka liwe rangi ya dhahabu. Usiligeuze kabla upande wa chini haujashika, maana litavunjika. Kima ikiwa na majimaji, ikaushe kwanza motoni. Hapa kikombe kimoja na nusu cha nyama hulisha watu sita mpaka wakashiba, kwa kuwa kiazi ndicho kilichobeba kazi.

Muhogo kwa kima ya mawese. Hiki ni chakula cha kwetu. Menya muhogo mtamu, upasue, utoe ule uzi wa kati, uuchemshe mpaka uwe laini. Katika chungu kingine pasha mawese vijiko viwili, usiyaache yakafuka moshi mwingi. Tia kitunguu, nyanya tatu na bilinganya moja iliyokatwa vipande. Vikilainika tia kima na kikombe cha maji, uache itokote mpaka mchuzi uwe mzito. Mwagia juu ya muhogo. Ndizi mbichi za kupika hufaa vile vile. Na mwenye sombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, akikiweka pembeni, nyumba ile usiku ule haina haja ya kuitamani meza ya mtu.

Chapati za kima na yai. Hizi ni za usiku ambao mama amechoka kabisa. Piga mayai matatu, changanya na kikombe kimoja cha kima iliyopashwa, kitunguu kibichi kilichokatwa laini na giligilani. Mimina kidogo katika kikaango chenye mafuta, eneza, weka chapati juu yake ingali mbichi yai, ugeuze, kisha uikunje. Yai liive sawasawa. Chapati za mchana zilizokuwa zimekauka hurudia ulaini wake. Watoto hupigania chakula hiki, na asubuhi mmoja aweza kuchukua kipande kwenda nacho chuoni, kwa sharti kiwe kimepikwa asubuhi hiyo.

Maharage yenye kima. Ikiwa kima iliyobaki ni kikombe kimoja tu na watu ni wanane, usikate tamaa. Maharage ya Kasulu yaliyochemshwa yakawa laini, ukiyaunga kwa kitunguu, nyanya na kikombe kile kimoja cha kima, yote huchukua ladha ya nyama. Kula kwa ugali wa muhogo au wa mahindi. Hapa hutaona kipande cha nyama, ila utaijua kwa harufu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na cha watatu huwatosha wanne, na mwanamke anayejua kutumia maharage anaifahamu baraka hiyo vizuri.

Mwenye makaroni, au mabilingani ya kujazwa, atajua mwenyewe la kufanya. Kanuni ni moja: kima ya jana isirudishwe mezani kwa sura ya jana. Mtu huchoka kwa kuona sahani ile ile, na mara nyingi kinachochukiwa katika kiporo ni uvivu wa aliyekileta hivyo hivyo, baridi, mafuta yameganda juu.

UKWELI MBELE YA MUME

Sasa narudi katika swali zito kuliko yote. Je, amwambie nimeipika leo?

Hapana. Katlesi ameipika leo, na hilo ni kweli. Lakini akiulizwa kuhusu nyama, na aseme kweli. Najua wako wanaotaja ruhusa iliyokuja katika Hadithi juu ya maneno ya mume na mke. Imam Nawawi ameeleza kwamba makusudi yake ni maneno ya kuonyesha mapenzi na mfano wa hayo, ama hila ya kumnyima mwenzako haki yake ni haramu kwa ijmai. Na mtu ana haki ya kujua kinachoingia tumboni mwake. Tena uwongo wa jikoni hauna maisha marefu. Mtoto atasema mbele ya baba yake, na siku hiyo mume hatatilia shaka katlesi peke yake, bali kila sahani, na pengine kila neno.

Basi amwambie kwa upole na bila ya kuona haya: "Baba watoto, hii ni kima ya jana. Niliitenga kabla hatujala, nikaifunika, na leo nimeifanyia katlesi." Maneno hayo yana heshima kuliko kuficha. Yanaonyesha kwamba mwenye nyumba ameoa mwanamke anayeilinda mali yake asipokuwapo. Na kama mume ana sababu ya kweli, pengine aliwahi kuumwa na chakula kilichochacha, basi na asikilizwe, aonyeshwe jinsi kinavyohifadhiwa. Akikataa bado, asilazimishwe. Apikiwe yai, na wengine wale.

Nanyi mabwana mnaousoma ukurasa huu, nawaombeni mniwie radhi nikisema neno moja. Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula hata mara moja, alikipenda alikila, hakukipenda alikiacha. Siku moja aliomba kitoweo, akaambiwa hapana ila siki, akaletewa, akaila huku akiisifu. Yeye ndiye mbora wa viumbe, nyumba yake ilikaa siku nyingi bila ya moto kuwashwa, na siki haikumshushia heshima. Basi bwana anayesukuma sahani mbele ya watoto wake hana sunna anayoifuata katika jambo hilo. Anayo ruhusa ya kutokula. Kumvunjia mkewe heshima hana ruhusa nayo. Na ajue kwamba mtoto anayeona chakula kikimwagwa kwa siri kila juma hujifunza mambo mawili kwa pamoja, kufuja na kuficha, na mwalimu wa chuoni hawezi kuyaondoa kwa fimbo wala kwa kalamu.

HAKI YA JIRANI

La mwisho ni jirani. Mtume (s.a.w.) alimwusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake, apate kuwaangalia majirani. Sikilizeni vizuri: usia huo ni wa wakati wa kupika, wala si wa kesho yake. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kutoa kilicho kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi sahani ya jirani itolewe katika chungu cha kwanza, nyama ingali ya moto. Haifai kuiweka nyama siku tatu, na ikianza kutiliwa shaka ndipo ipelekwe kwa mjane kwa jina la sadaka. Yule hana uwezo wa kukataa, na akiumwa hana fedha ya dawa. Ama ukipika katlesi au muhogo wa mawese kwa kima iliyohifadhiwa vizuri, ukampelekea katika kile kile unachokula wewe na watoto wako, hapo umefanya wema, nawe mwambie vile vile ulivyomwambia mumeo.

Kwa ufupi, mama zangu: pikeni kwa kiasi, tengeni mapema, funikeni, pasheni mpaka itokote, geuzeni sura, semeni kweli, na mkumbukeni aliye mlango wa pili. Nyumba inayofanya hayo haitaona aibu kwa kiporo, wala haitakuwa na sababu ya kwenda jaani gizani.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki alizotupa, atuepushe na israfu na ubahili, azilishe nyumba za wenye dhiki katika mwambao wetu huu, na atujaalie tuwe wenye kumshukuru kwa kingi na kwa kichache. Amin.

Wabillahi taufiq.